Historia ya Mama Suti, Aliyefua Nguo Bila Maji

Wazee wetu, baba zetu na mama zetu, majirani, wafanyakazi wenzake na mama, nanyi nyote mliofika kutoka mbali na karibu, nawaamkia kwa heshima. Mimi ni binti yake wa kwanza. Karatasi hii ingesomwa na mtu mzima wa ukoo, lakini baba amesema sauti yake haitafika mwisho, baba mdogo akasema aliyeuguza ndiye asome, wazee wakaniruhusu, kwa hiyo naomba mnivumilie nikikwama. Nitasoma maisha ya mama tangu alipozaliwa hadi alipotuacha, na ndani yake kuna neno moja ambalo yeye mwenyewe aliniagiza nilitamke mbele yenu, kwamba hakuwa mlevi. Aliniambia, "Usimsute mtu, mwanangu, waambie tu." Nami nitajitahidi kufanya hivyo hivyo.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1982, katika nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa babu, aliyekuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, na bibi, ambaye yupo nasi hapa mbele. Bibi anasimulia kwamba mama alipenda usafi tangu mdogo kupita kiasi, akimwagikiwa chai kwenye gauni alilivua na kulifua hapo hapo hata kama hana la kubadilisha, akabaki amejifunga shuka mpaka likauke, na dada zake wakampa jina la Bibi Sabuni, jina ambalo alilichukia mpaka alipopata kazi, ndipo akasema kumbe walikuwa wanambariki.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale stesheni kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, akafaulu vizuri, lakini mwaka ule babu aliumia mgongo, na kati ya wasichana waliokuwa bado nyumbani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, basi akabaki kumsaidia bibi. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo mbele yangu, ila nilipoacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari ili nimuuguze, aligeukia ukutani mpaka jioni.

Tarehe 3 Septemba 2001 aliajiriwa katika duka la dobi wa suti, lile lililo kati ya fundi vioo na muuza magodoro, ambalo wengi wenu mnalijua kwa sababu suti zenu zimepita pale. Alianza mbele, kwenye kaunta, akipokea nguo, akikagua mifuko kabla hazijaingia ndani, akibana vipande vya namba kwa pini, na alikuwa na macho ya ajabu, mtu akimwambia doa hili ni maji tu, yeye anainusa kola anasema, "Haya maji yamekaangiwa vitunguu, baba." Baada ya mwaka mmoja alihamishiwa chumba cha nyuma, kwenye mashine, na huko ndiko alikokaa miaka yote iliyobaki.

Naomba nieleze kidogo kazi ya chumba kile, kwa sababu hata mimi sikuielewa mpaka mama alipolazwa, na bila kuielewa haya mengine hayataeleweka. Suti ya sufu haifuliwi kwa maji, ikiingia kwenye maji inarudi, inakuwa ya mtoto, kwa hiyo inawekwa kwenye mashine yenye mlango wa mviringo, inazungushwa ndani ya kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu, ambacho kinakwenda moja kwa moja kwenye mafuta na kuyang'oa bila kugusa kitambaa. Kimiminika hicho kililetwa kwenye pipa la bluu, kikavutwa kwa mpira hadi kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo mama alikimimina ndani ya mashine. Kwa madoa sugu alikuwa na mkebe wake pembeni, anachovya kitambaa, anasugua kwa vidole, na glavu za mpira alizopewa zililainika na kuvimba mpaka zikawa hazivaliki, akaziacha. Kila mwisho wa wiki aliinama akaingiza kichwa na mikono ndani ya mashine kukwangua tope lililobaki chini. Dirisha la chumba lilizibwa zamani ili vumbi lisiingie kwenye nguo nyeupe, na feni iliyokuwa ukutani ilishaungua.

Kitu hicho hakuna aliyekiita kwa jina lake, pale dukani kiliitwa dawa. Ninyi wote mnajua jinsi tunavyosema, tuna dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya kikohozi, kila kitu chenye nguvu ndani ya chupa kwetu ni dawa. Na aliyelianzisha jina hilo dukani hakuwa na nia mbaya, alikuwa marehemu baba wa tajiri wake mama, mwenye duka wa sasa, na zamani mzee huyo alifua kwa petroli, petroli ikalipuka ikaunguza duka pamoja na nguo za watu, na alipoletewa kimiminika hiki kisichoshika moto alifurahi akasema hii sasa ndiyo dawa. Basi mama akafanya kazi na dawa, akarudi nyumbani ananukia dawa, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tukigombania mtandio wake kwa sababu tulidhani ile ndiyo harufu ya usafi wenyewe.

Katika duka hilo hilo, akiwa bado kaunta, ndipo alipokutana na baba yetu, ambaye ni fundi rangi. Baba alileta suruali yake ya pekee ya heshima, ikiwa imetapakaa rangi ya mafuta kuanzia goti hadi pindo, mama akaigeuza pande zote akamwuliza, "Kaka, umeleta suruali au umeleta ukuta?" Baba alirudi tena na tena na nguo zenye rangi, na jana amekiri mbele ya ukoo mzima kwamba nyingine alijimwagia makusudi. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005, na baba alivaa suti ambayo mama aliisafisha mwenyewe, kwa sababu alisema hamwamini dobi mwingine.

Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 11 Februari 2008, na mdogo wangu aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 2015. Katikati yetu mimba mbili ziliharibika, na naomba zihesabiwe hapa, kwa sababu mama alikuwa akizihesabu.

Sasa nifike kwenye lile neno. Mvuke wa ile dawa ukijaa kwenye chumba unapanda kichwani. Wateja wa mwisho wa wiki walikuwa na haraka, huyu ana harusi, yule ana mahafali, wanagonga kaunta wakiuliza bado tu, na mama ili asiwakere alikuwa akifungua mlango wa mashine kabla haijamaliza kukausha, anatoa nguo zikiwa na unyevunyevu, mvuke unamjia usoni, anazitundika mle mle ndani. Akitoka hapo miguu ilikuwa mizito, ulimi mzito, mara nyingine anacheka bila kuchekeshwa. Kwa wenzake lilikuwa jambo la utani. Mzee wa Pasi, ambaye amekaa pale na ameniruhusu nimtaje, alizoea kumwuliza kila jioni, "Mama Suti, umeshapata moja?" naye mama humjibu, "Moja? Leo nimemaliza dumu, tena kali, tena ya bure." Wakicheka, wakifunga duka, wakienda zao.

Siku moja mwaka 2021 shangazi yangu, dada yake baba, alikwenda pale kuchukua koti la mume wake, akasimama kwenye kaunta, na kupitia pazia akayasikia maneno hayo kama yalivyo, kisha akamwona wifi yake anatoka nyuma akishika ukuta. Mtu yeyote kati yetu angeelewa alivyoelewa yeye. Aliwaambia ndugu, ndugu wakaambiana, habari ikafika kwa majirani, na kuanzia hapo mama akishuka njia ya kwetu jioni akiyumba kidogo, watoto walikuwa wakiimba nyuma yake, na watu wazima hawakuwakataza.

Ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu. Mama aliapa kwamba tangu azaliwe hajaonja, wakamwuliza kama hajaonja mbona anayumba, akasema ni uchovu wa kazi, shangazi akamwuliza mbona Jumapili hachoki, siku ambayo haendi kwa wenzake wa kunywa. Swali lile lilikuwa na akili, ila jibu lake hatukulijua. Baba alisema yeye ndiye anayelala kitanda kimoja na mke wake na hajawahi kusikia harufu ya pombe, shangazi akamjibu, "Kaka, pombe za siku hizi hazinuki," na kikao kikaisha hapo. Mama aliendelea kwenda kazini, aliendelea kusafisha suti za waliomsema, na alizitundika zimenyooka kama za wengine.

Ugonjwa wenyewe ulianza kuonekana mwezi wa Februari 2024, macho yalipogeuka manjano na tumbo likaanza kujaa. Tulimpeleka kituo cha afya, na hapo nilikuwepo, nimesimama nimeshika pochi yake. Tabibu alimwuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?" Mama akajibu kwa ukweli wake wote, "Natumia ya kazini." "Mara ngapi kwa siku?" "Kutwa nzima." "Nani aliyekuandikia?" "Hakuna, tunayo tu dukani, pipa zima." Tabibu akamtazama baba, akamtazama mama, akamwuliza na pombe je, na mama akasema hapana, na tabibu akasema kwa upole kwamba wagonjwa wa ini wengi husema hivyo. Akamkanya aache pombe na aache kumeza vidonge ovyo. Mama alikuwa amechoka kubishana na dunia, akasema, "Sawa, nitaacha." Maneno hayo mawili yalifika nyumbani kabla yetu, na ikawa kwamba sasa amekiri.

Simlaumu tabibu yule, alijibiwa alichouliza. Hata mimi niliyasikia maswali yote na majibu yote, na nikaona yamekwenda sawa.

Tarehe 8 Oktoba 2024 hali ilipozidi alihamishiwa hospitali kubwa, akapokelewa na daktari mmoja mwanamke, kijana bado, mwenye tabia ya kuketi kitandani kwa mgonjwa badala ya kusimama. Alisoma yaliyoandikwa, akapima damu, akasema vijidudu vya ini hakuvikuta, kisha akanigeukia mimi kwa sababu mama alikuwa na usingizi, akauliza, "Mdogo wangu, hii dawa ya kazini iliyoandikwa hapa, ni ya kunywa au ya kupaka?" Nikamjibu, "Ni ya kufulia suti, daktari." Akaweka kalamu chini. Akanusa mtandio wa mama uliokuwa kwenye mto, akauliza juu ya dirisha, juu ya glavu, juu ya feni, na mama akiwa amefumba macho akamjibu moja baada ya jingine, hadi mashine inavyokwanguliwa.

Ndipo kwa mara ya kwanza tukasikia jina la kitu tulichoishi nacho, tetrakloroethilini, nimelikariri ili leo nisilikosee. Daktari alitueleza kwamba ni kemikali yenye klorini ndani yake, viwanda huitumia kuondoa grisi kwenye vyuma na madobi huitumia kwenye suti, na kwa kazi hiyo ni hodari kweli, lakini mvuke wake hulewesha kama pombe, na mtu akiuvuta miaka mingi ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kudhuru ini, figo na mishipa ya fahamu. Alisema pia, nami nayasema kama alivyosema, kwamba hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni hicho peke yake, ila pombe ameitafuta kila mahali na hajaiona. Mama alifungua macho akasema, "Kwa hiyo sikuwa nalewa." Daktari akamjibu, "Hukuwa unalewa, mama. Ulikuwa unaleweshwa."

Mama alilirudia neno lile kama mtu anayejaribu kiatu. Alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akaomba uji, na ilikuwa siku nyingi hajaomba chakula mwenyewe.

Tajiri wake alipokuja kumwona, daktari alimweleza yote, naye akasema, "Lakini daktari, ile ni dawa," kisha akajisikia alichosema, akakaa kwenye kitanda kitupu cha jirani akashika kichwa. Alimwomba mama msamaha, na mama akamwambia, "Toboa dirisha kwanza, tajiri, mengine tutaongea." Namshukuru kwamba alitoboa, na mashine ile amesema haitawashwa mpaka ipatikane njia ya kuifanyia kazi bila kumdhuru mtu, na Mzee wa Pasi na wenzake wamepimwa na wanaendelea kufuatiliwa.

Shangazi naye alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi na kikapu chake, hasogei mbele wala harudi nyuma, mpaka mama alipomwita, "Wifi, kaa, kiti hakina kosa." Alikaa, na tangu siku hiyo alikuwa akipokezana nami zamu ya mchana, akimkanda miguu, na nikiwaacha nilikuwa nikisikia wanasemana na kucheka kama wasichana.

Ini halikurudi. Tuliambiwa mapema, na mama aliambiwa kwa sababu alidai kuambiwa. Alitumia muda uliobaki kunifundisha kunyoosha kola, kumfundisha mdogo wangu kufunga kamba za viatu, na kuniagiza neno nililowasomea. Alitutoka Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, mchana, baba akiwa ameshika mkono wake, na shangazi akiwa ametoka kidogo kufuata chai, jambo ambalo bado linamuumiza.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, na ndugu zake watano.

Juzi, watu walipoanza kufika nyumbani, shangazi alichukua gauni ambalo mama amevikwa leo, akalifua uani kwa maji na sabuni, akalianika juani mbele ya kila mtu, na kila jirani aliyeingia getini alimsimamisha akiwa na povu mikononi akamwambia yeye mwenyewe, "Wifi yangu hakuwa mlevi, mimi ndiye niliyesema, na nilikosea." Jana nilimpelekea karatasi hii nikamwuliza kama sehemu yake niiruke. Alisema, "Soma yote. Ukiruka nasimama nasoma mwenyewe." Nimesoma yote, shangazi, na nakushukuru.

Kwa niaba ya baba na ukoo mzima, tunamshukuru daktari aliyeketi kitandani akauliza swali moja zaidi, wauguzi wa wodi waliomgeuza mama bila kumuumiza, na tabibu wa kituo cha afya, aliyefika jana kutupa pole, akakaa na baba muda mrefu. Tunawashukuru majirani kwa maji, viti na kulala na sisi, na kwa kuwa habari ile ya kwanza mliifikisha kila nyumba, tunawaomba na hii mwifikishe kule kule. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na mafundi wengine mliopo mnaosafisha vyuma na nguo kwa vitu vya kwenye mapipa, mama aliomba mfungue madirisha, na mkiulizwa hospitali mnatumia dawa gani, mseme ni ya kufanyia nini. Tunawashukuru ninyi mliokuja na suti zilizopita mikononi mwake, mmependeza, angefurahi kuwaona.

Mama, nimewaambia, na sikumsuta mtu. Njia ya kurudi nyumbani sasa hakuna anayeimba nyuma yako. Pumzika, mama yetu, kwa amani yako uliyoistahili.